Minyororo kila mtu keshaipiga picha: jinsi ya kutoka kwenye kitabu mpaka filamu fupi ukiwa Bagamoyo na simu tu

Wanakuja kila msimu. Vijana wana kamera nzuri kuliko zetu, wanashuka stendi, bodaboda moja kwa moja Caravanserai, kile kituo cha zamani cha misafara, halafu makumbusho ya Misheni, wanapiga minyororo, wanapiga ukuta, mmoja wao anafungwa kamba mikononi anatazama bahari kwa huzuni, juu yake wanaweka piano, saa kumi jioni washapanda daladala wanarudi stendi ya Makumbusho, Dar. Filamu ya utumwa hiyo imeisha. Sicheki mtu, maana na mimi ya kwanza niliipiga hivyo hivyo, piano na yote, na nilipoionyesha mtaani mzee mmoja akaniuliza, "Sasa hawa watu walipofunguliwa walikwenda wapi?" Nikakosa jibu. Kumbe jibu tunaishi nalo, tunapanga nalo foleni ya samaki.

Huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kutengeneza filamu fupi, dakika 8 mpaka 10, kuhusu ubaguzi na watu waliosimama licha ya ubaguzi, bila pesa ya maana. Sisi tulikuwa watano, simu mbili, miezi miwili ya jioni na wikendi. Nimeuandika kwa kufuata tulivyofanya na tulivyokosea, kwa hiyo kuna sehemu nitapiga stori ndefu na kuna sehemu nitapita mbio.

Kwanza kitabu, kamera iache ndani

Najua hutaki kusikia hili. Lakini ukianza na kamera utapiga kile ambacho macho yako yameshazoea, na macho yetu yamezoeshwa minyororo. Kitabu kinakupa ndani ya mtu.

Anza na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata tuzo ya Nobel ya fasihi. Kitabu chenyewe kwa Kiingereza kilitoka 1994. Yusuf ana miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe si ami yake wala nini, kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Hakuna mnyororo hata mmoja pale. Kuna duka, kuna bustani yenye ukuta, kuna kijana mwenzake anayemkumbusha kila siku kwamba yule si ami yako. Na kuna msafara wa kwenda bara, ambako watu wa pwani wanawaita wenyeji wa huko washenzi bila hata kupepesa jicho. Hapo ndo utaanza kuona kwamba habari ya rangi na asili huku kwetu haikuletwa yote na meli ya Mzungu, nyingine tulikuwa tunaipika wenyewe sebuleni.

Cha pili ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, mtu wa Tanga huyo, hamhitaji utambulisho. Siti katoka Fumba, ukoo duni, akaingia mjini Unguja akadhihakiwa kwa asili yake na kwa sura yake, mpaka wimbo wakamtungia kwamba kaja mjini na kaniki. Akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri na jina likavuka bahari. Ukiuliza ustahimilivu kwa lugha yetu unafananaje, basi ni huo, mtu kusimangwa kwa wimbo akajibu kwa wimbo mzuri zaidi.

Namna ya kusoma sasa. Msisome kitabu kizima kwa pupa kama mnakesha na mtihani. Chagueni kurasa 10, kaeni barazani, mmoja asome kwa sauti, wengine wawe na daftari lenye mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kitu ambacho kamera inaweza kukiona: mkono, mlango, kanga iliyofuliwa, mtu anakataa kukaa. Kulia andika kitu ambacho hakionekani: aibu, hofu, ujanja. Mkimaliza, chora mshale kutoka kulia kwenda kushoto, aibu hii ataionyesha mkono gani? Zoezi hili lilitufundisha kuliko video zote za mtandaoni, na halili bando.

Halafu filamu, na kila moja mara mbili

Mara ya kwanza tazama kama watu. Mara ya pili zima sauti. Ukizima sauti utashangaa unavyoanza kuona kazi, kamera iko wapi, mtu kakatwa wapi, nani anapewa uso mkubwa na nani anapewa kisogo.

La Noire de... ya Ousmane Sembène, 1966, haifiki hata dakika 70. Sembène alikuwa kuli wa bandarini Marseille, akaandika vitabu kwanza, akagundua watu wake wengi hawasomi, ndo akageukia sinema akiwa na umri wa kuoa na kuolewa ushampita, akaenda Moscow kusomea. Filamu yenyewe imetoka kwenye hadithi yake fupi. Msichana Diouana anatoka Dakar kwenda Ufaransa akidhani anakwenda kulea watoto, anafika anakuwa kijakazi wa kufungiwa ndani ya fleti. Angalia kinyago: anakitoa zawadi, kinatundikwa ukutani, halafu fuatilia kinaishia mikononi mwa nani. Kitu kimoja tu kinabeba filamu nzima. Na sikiliza, yale mawazo ya Diouana yanasemwa na sauti ya mwanamke mwingine, Toto Bissainthe kutoka Haiti, imewekwa baadaye. Kumbuka hili, tutalirudia tukifika kwenye upepo.

Sankofa ya Haile Gerima, 1993. Inaanza na mwanamitindo anapigwa picha kwenye ngome ya watumwa Cape Coast, Ghana, anajilegeza mbele ya kamera, anacheka, halafu historia inamshika mguu. Kila nikiiona nawakumbuka wale wa piano, na mimi wa kwanza kati yao.

Killer of Sheep ya Charles Burnett. Alikuwa mwanafunzi wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, akapiga wikendi kwa wikendi mtaani Watts, mji huo huo, kwa dola zisizofika 10,000, majirani ndo waigizaji. Hakuna hotuba ya ubaguzi hata moja. Kuna baba anafanya kazi machinjioni, amechoka, na watoto wanaruka juu ya mapaa. Ukiwa na simu na mtaa, huyu ndo mwalimu wako.

Kama mna nafasi ya filamu ya nne, basi Within Our Gates ya Oscar Micheaux, 1920, ambayo ndo filamu ndefu ya zamani kuliko zote iliyobaki ya muongozaji mweusi wa Marekani. Micheaux alikuwa mkulima South Dakota, anaandika vitabu anaviuza nyumba kwa nyumba. Kampuni ikataka kununua riwaya yake iifanye filamu, akasema sawa ila naongoza mimi, wakakataa, akaenda kuuza hisa kwa wakulima akaipiga mwenyewe. Angalizo, ina kunyongwa kwa watu na kujaribu kubaka, watoto walale kwanza. Ni bubu, ina maandishi ya Kiingereza, sisi tulimweka jamaa mmoja mwenye kipaji akawa anatafsiri papo kwa papo kama kina Lufufu waliokuwa wakitafsiri filamu kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyesha video mtaani, na nakwambia ilikuwa tamu, watu walizomea wabaya wa mwaka 1920 kama wanazomea refa.

Chagua neno, usichague mada

Hii ndo hatua ambayo wengi wanairuka. Wanasema filamu yetu inahusu ubaguzi. Ubaguzi ni mkubwa mno, hauingii kwenye simu. Tafuta neno moja ambalo watu wa hapa wanalitumia kumshusha mwenzao au kumpandisha. Mshenzi. Mwungwana. Nywele za kipilipili. Mweupe kama Mwarabu, inayosemwa kama sifa. Mkorogo. Hata jina la mji wenyewe lina mvutano, wapo wanaosema ni mpagazi anabwaga moyo wake kafika salama, wapo wanaosema ni mtumwa anauacha moyo wake hapa kabla ya jahazi. Filamu nzima inaweza kukaa kwenye mvutano huo, maana wapagazi wa Kinyamwezi na wengineo waliopita hapa walikuwa watu wa ujira, na minyororo imewafunika hata wao.

Sisi tulichukua "wakuja". Mtaani kwetu kuna bibi anasuka ukili, kazaliwa Bagamoyo, mama yake kazaliwa Bagamoyo, lakini kwenye shughuli kukitokea kutoelewana utasikia mtu anasema, ah, hao si wakuja hao. Kisa babu wa mama yake alikuwa Mmanyema, mtu wa asili ya mashariki ya Kongo. Na hapa hapa mjini mtu anayeheshimiwa kuliko wengi katika historia ya dini, Sheikh Ramiya, alikuja mtumwa akitokea Manyema, akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, akafa 1931 akiwa sheikh wa hao hao wenye mji. Sasa weka hayo mawili pamoja uone.

Kumpata mtu, na karatasi zake

Usiende na simu siku ya kwanza. Wala ya pili. Nenda na mtu anayemjua, piga hodi, shikamoo, kaa, ulizwa wewe mtoto wa nani, jibu. Mimi nilikosea, siku ya kwanza tu nikauliza, "Bibi, kwani asili yenu hasa ni wapi?" Akanitazama, akaendelea kusuka. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hilo swali nimeulizwa tangu sijaota meno, na hakuna aliyeniuliza kwa heri." Ilibidi nikae wiki mbili nafuata chai tu. Badala ya kuuliza asili, uliza kazi. Nani alikufundisha kusuka? Kutoka hapo ukoo wote utakuja wenyewe.

Ridhaa iwe ya mdomo mbele ya mtu wa nyumbani kwake, na iwe ya karatasi, kwa Kiswahili chepesi, iseme mtaonyesha wapi na kwamba ana haki ya kuona kwanza na kutoa kipande asichokitaka. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Kupiga filamu kunataka kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania na hao hao ndo wanaikagua kabla hujaionyesha hadharani, kwa hiyo anza mapema, usiache mpaka wiki ya mwisho. Magofu ya Kaole, Caravanserai na kadhalika yana utaratibu wake, uliza ofisini pale pale kabla hujatoa stendi ya simu. Makaburini na msikitini usipige bila kuongozana na mwenyewe.

Skripti iwe ukurasa mmoja. Zaidi ya hapo mnajidanganya. Andika picha 12, kila moja mstari mmoja, na kinyago chenu ni nini, yaani kitu kimoja kitakachotembea filamu nzima. Chetu kilikuwa ukili.

Mwanga kwenye ngozi yetu

Hapa nitakaa kidogo maana ndo mahali rangi na sinema vinakutana kabisa, si kwa maneno ila kwa mashine.

Kwa miaka mingi picha za mikanda ya Kodak zilipimwa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, mafundi wakaziita kadi za Shirley. Uso wa Shirley ukitoka vizuri basi mashine iko sawa. Mweusi akikaa pembeni ya Shirley anatoka macho na meno. Kodak walipokuja kurekebisha ili rangi za kahawia zionekane, malalamiko waliyoyasikiliza yalikuwa ya watengeneza chokoleti na wauza fanicha za mbao. Soma tena hiyo. Simu za siku hizi ni nafuu sana lakini tabia haijaisha, ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo saa sita mchana simu itaupima ukuta, uso utakuwa kivuli.

Kwa hiyo fanya hivi. Bonyeza kidole juu ya uso wake kwenye skrini ukishikilie mpaka simu ijifunge hapo, ukifunga huo mwanga hata mtu akipita nyuma picha haichezi. Kisha vuta mwanga juu au chini taratibu ukiangalia shavu, usiangalie nguo. Usimvalishe shati jeupe pe. Nyuma yake tafuta kitu cha kati, mlango wa mbao, mkeka, majani ya mwembe, kivuli cha baraza, chokaa achana nayo. Mgeuze ili mwanga umpige kwa ubavu, maana ngozi yetu inapendeza kwa mng'ao, na mng'ao unatokana na mwanga wa pembeni kulala juu ya mfupa wa shavu. Upande wenye giza rudishia mwanga kwa kipande cha boksi jeupe la kuhifadhia samaki au kanga nyeupe iliyovutwa na watu wawili. Na mafuta! Watu wanakimbilia poda kuzima mng'ao, waache. Kwenye filamu ya Moonlight ya 2016 waliwapaka waigizaji mafuta makusudi ngozi ikamate mwanga. Sisi tulitumia ya nazi, kidogo tu, na bibi alicheka sana, akasema ndo anavyotoka kila siku, mlidhani nini.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili na nusu, halafu tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Ndani ya nyumba tumia mlango, mkalishe mita moja ndani ya kizingiti, zima taa ya dari. Kama lazima utumie taa ya umeme, weka fremu 25 kwa sekunde simu ikiwa nayo, la sivyo unaweza kuona taa inacheza-cheza kwenye picha. Simu iwe kwenye hali ya ndege, memori iwe imefutwa, pawabenki imejaa. Na simu iwe ya kulala, si ya kusimama, nimechoka kulisema hili.

Upepo

Filamu yangu ya kwanza iliharibiwa na upepo wa bahari. Mahojiano ya dakika 40, yote vuu vuu vuu kama lori linapanda mlima. Nililia, kweli.

Ufukweni usihoji mtu. Ufukweni piga picha, mahojiano fanyia uani. Simu ya pili iwe ndo maiki: washa kinasa sauti, ichomeke ndani ya upindo wa kanga karibu na kifua, kama unatumia waya wa masikio basi kile kimaiki kivalishe soksi safi. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, baadaye utalioanisha hilo kofi kwenye laptopu. Kila sehemu rekodi dakika moja ya ukimya, wa uani, wa njiani, wa sokoni, utauhitaji kuziba mapengo. Azana ikianza, simama, subirini iishe, si kwa adabu tu, ni kwa sababu huwezi kukata sentensi katikati ya azana.

Na sasa Sembène. Wakati mwingine usipige mtu akisema kabisa. Piga mikono ikisuka, siku nyingine rekodi sauti peke yake akiwa ametulia, hakuna kamera inayomtolea macho. Nusu ya maneno mazuri ya bibi yalikuja kamera ikiwa imezimwa.

Kuediti na muziki

Kabla ya kufungua programu, andika kila kipande kwenye karatasi ndogo, zitandaze sakafuni, zipange kwa mkono. CapCut inatosha, DaVinci Resolve ni ya bure pia ila laptopu iwe na nguvu. Kata mwanzo wa kila kipande na mwisho wake, watu wanachelewa kuingia na wanachelewa kutoka. Kama kuna picha nzuri sana isiyosema kitu, itoe, najua inauma.

Piano hapana. Na muziki wa watu bila ruhusa hapana, Killer of Sheep ilimalizwa miaka ya 70 lakini haikuingia kumbi za sinema rasmi mpaka 2007 kwa sababu ya haki za nyimbo zilizomo. Kwetu ofisi ya hakimiliki ni COSOTA. Njia rahisi, tafuta mwanafunzi wa TaSUBa, taasisi ya sanaa ya hapa Bagamoyo, pale kuna wapiga ngoma na marimba wanaotafuta jina, andikianeni makubaliano, mpe chakula na jina lake liwe kubwa mwishoni.

Kuonyesha

Wa kwanza kuiona ni aliyepigwa. Bibi aliiona kwa laptopu, uani, na wajukuu zake. Akaomba kitoke kipande kimoja cha sekunde 20 alipotaja jina la familia iliyokuwa ikiwasema. Kilikuwa kipande kitamu kuliko vyote. Tumekitoa.

Baada ya hapo na kibali kikiwa mkononi, kibanda umiza, siku ambayo hakuna mpira, kiingilio ni bure au kahawa. Gerima alipokosa msambazaji Marekani alikodi kumbi akaonyesha Sankofa mwenyewe mji kwa mji, kwa hiyo kukataliwa na matamasha si mwisho wa kitu. Shuka jeupe, projekta ya kuazima, spika ya mtu wa shughuli. Ikiisha msiulize "mmeionaje", watasema nzuri na wataondoka. Ulizeni nani hapa babu yake hakuja. Usiku ule tulifunga saa tano, na mwenye kibanda alitaka kulala.

Mwisho nakala. Ile filamu ya Micheaux ilipotea kwa miongo kadhaa, ikaja kupatikana nakala moja Hispania, ina jina la Kihispania, na maandishi ikabidi yatafsiriwe upya kurudi Kiingereza. Kwa hiyo weka moja kwenye laptopu, moja mtandaoni, na moja kwenye flashi isiyokaa mji mmoja na nyingine. Yetu ya tatu iko Tanga kwa shangazi, Ngamiani, kwenye kopo la biskuti lenye sindano na nyuzi zake, na kaahidi hatolifungua isipokuwa kifungo kimekatika.